Vile milango ilifungwa, wengine walifungiwa na siri yao

Mwaka wa 2020 hatujausahau. Tarehe 10 mwezi wa tatu, Kinshasa ilitangaza mugonjwa wa kwanza wa Covid. Kisha siku chache Mukubwa wa Inchi akafunga masomo, makanisa na nganda za pombe. Tarehe 24 akatangaza hali ya hatari. Hapa kwetu, sosiete nyingi za migodi zilifunga milango, wafanyakazi wakiwa ndani. Bwana yangu alitoka nyumbani asubui na sakoshi moja, akarudi kisha miezi mbili na zaidi. Mwezi wa sita, mashirika 11 ya kutetea haki za binadamu yaliandikia sosiete barua ya wazi juu ya mambo ile. Wafanyakazi walikuwa wanalalamika juu ya chakula, mayi, na kulala wengi pamoja, na mutu aliogopa kutoka juu asipoteze kazi.

Siku moja bwana yangu aliniambia kwa simu: "Mama wa watoto, kuchoka kwa kazi nakujua. Huku ninachoka na kitu kingine. Sina mutu wa kumwambia ile iko ndani ya roho."

Ile maneno iliniumiza, nikalia. Lakini wakati ule ule, ndani ya nyumba yangu, mudogo wangu alikuwa anaishi kitu kimoja na hicho, na mimi sikutaka kuona.

Mudogo wangu alikuwa anasoma Lubumbashi. Vile iniversite ilifungwa, alirudi kwetu Kolwezi, akalala chumba kimoja na watoto wangu watatu. Yeye ni mwanaume anayependa wanaume. Nilikuwa ninajua nusu nusu, lakini sikuwahi kumuuliza. Kule Lubumbashi alikuwa na marafiki wako kama yeye. Siku ya posho walikuwa wanakutana, wanapika bukari na sombe, wanacheka, wanasaidiana wakati mumoja amefukuzwa ao amekosa franka ya nyumba. Ile ndiyo ilikuwa familia yake. Konfinema ilimuondolea ile familia kwa siku moja. Alibaki na simu tu. Usiku alikuwa anajificha nyuma ya jiko, anazungumuza kwa sauti ya chini mpaka unite inaisha. Hakukula vizuri, hakulala. Sisi tuliwaza anaogopa ugonjwa.

Kisha muyomba wetu alikamata ile simu na kusoma mesaje mbele ya watu wote. Siku za kawaida, kukiwa na ugomvi ndani ya lupango, mumoja anaenda soko, mwingine anaenda kazi, hasira inapoa. Wakati ule hakuna mutu alitoka. Kwa wiki tatu, kutoka asubui mpaka usiku, walimutukana na yeye anasikia. Watoto walikatazwa kukunywa kwa kikombe chake. Mimi, yaya yake, nilinyamaza. Niliogopa watasema mimi ndiye niliyemulea vibaya. Asubui moja alienda kwa miguu, bila kuaga. Nimejua baadaye kama alilala kwa jamaa mbalimbali, na kama wakati ule aliwaza kujiua.

Siandiki hii kusema konfinema ilikuwa mubaya. Ugonjwa ulikuwa wa kweli, na tulizika watu. Ninasema kitu kimoja: wakubwa wanapoambia watu "mubaki nyumbani", wanawaza nyumba ni salama kwa kila mutu. Haiko hivyo. Kuko bibi anayepigwa. Kuko mutoto anayeteswa na mama wa kambo. Na kuko wale wanaopenda wenzao wa jinsia moja, ao wale roho yao haipatani na jinsia waliyoandikiwa siku ya kuzaliwa. Hawa wanabaki nyumbani na watu wanaowapenda, lakini kila saa wanachunga sauti, nguo, simu, hata namna ya kucheka. Mutu akifanya vile miezi mbili bila kupumzika, akili inachoka. Wenye kuishi kwa kazi ndogo za kila siku walipoteza nayo, na walilazimishwa kurudi kwa wale wale waliowakimbia.

Kwa jirani zetu wa Uganda, kulitokea kitu kibaya zaidi. Tarehe 29 mwezi wa tatu 2020, polisi waliingia nyumba moja Kyengera, karibu na Kampala, mahali palikuwa vijana wa LGBT, wengi wamefukuzwa na familia zao. Walikamatwa zaidi ya 20. Walisemwa kama wanakaa wengi pamoja na wanaweza kueneza ugonjwa. 19 kati yao walikaa gerezani karibu siku 50, na avoka wao walikatazwa kuwaona, mpaka serikali ikaacha kesi mwezi wa tano. Muwaze kidogo: walifukuzwa nyumbani, wakatafuta nyumba ingine, wakakamatwa juu wako ndani ya nyumba.

Najua jibu la wengi: "Mambo haya haiko ya kwetu, na Biblia inakataa." Mimi pia ni mutu wa kanisa, sitafuti kubadilisha imani ya mutu. Katiba yetu, artikle 40, inasema ndoa ni kati ya watu wa jinsia mbili tofauti. Lakini katiba ile ile, artikle 16, inasema binadamu ni mutakatifu, na Serikali iko na lazima ya kumuheshimu na kumulinda. Haisemi "isipokuwa fulani". Na mutoto wa kwetu akisema yeye ni hivi, haya si mambo ya Wazungu tena. Amekula bukari yetu, anasema luga yetu, alizaliwa mikononi mwetu.

Kuko sababu ingine, na hii inagusa hata yule hana huruma kwao. Haya inasaidia ugonjwa. Mwezi wa tano 2020 kule Seoul, Korea ya Kusini, ugonjwa ulipita ndani ya nganda za usiku za Itaewon. Magazeti yakaandika kama ni nganda za wanaume wanaopenda wanaume. Watu waliokuwa pale wakaogopa kupimwa, juu familia na kazi zitajua. Muji ukaanza kupima bila kuuliza jina, namba ya simu tu, na watu wakakuja wengi.

Hata huku kwetu tumeyaona. Mpox tunaijua Congo tangu 1970, na watoto wetu wengi wameugua nayo. Lakini mwaka wa 2022, vile ilienea Ulaya na Marekani, watu wakasema ni ugonjwa wa wanaume fulani. Mwaka wa 2023 ilitokea kwa nguvu Kamituga, muji wa wachimba zahabu, watu wa migodi kama sisi, ikashika wanaume na wanawake. Kwa ugonjwa kama ule, mugonjwa akihofia kuchekwa, anajifunika, anachelewa kufika ospitali, na anaambukiza bibi ao bwana yake, na watoto.

Ugonjwa mwingine utakuja. Njo maana ninaomba mambo matatu.

Kwa sosiete: mukifungia tena wafanyakazi ndani, muwape mahali pa kupigia simu peke yao, na mutu wa kusikiliza ambaye hatabeba maneno kwa wakubwa wa kazi. Munganga asiulize mugonjwa analala na nani, isipokuwa matunzo yanadai, na jibu likae kwake.

Kwa wapastere na mapadri: wakati watu wamefungiwa nyumbani, musitume familia kumushambulia mutoto wao. Mutu asiye na mulango wa kutokea hawezi kujitetea.

Kwa sisi wazazi, yaya na muyomba: simu ya mutu haiko ya kusoma mbele ya watu. Kama hauwezi kukubali, unaweza kunyamaza bila kutukana, na kumuachia sahani, kitanda na kikombe. Hata hiyo ingetosha kumuzuia mudogo wangu asitoke ile asubui.

Leo yuko muji mwingine, anafanya kazi. Ananipigia kila siku ya yenga, anauliza watoto. Baba hajamupokea bado. Bwana yangu alirudi kutoka mugodi, na lupango lote lilimupigia kigelegele juu alivumilia miezi mbili. Mudogo wangu alivumilia pia, lakini kwetu hakuna mutu amemupigia kigelegele.