Kwity Paye: kutoka kambi ya wakimbizi hadi mwaka wa tano wa mkataba

Muulize kijana wa Goma au Bukavu kuhusu michezo ya Marekani, atakutajia basketi na marehemu Dikembe Mutombo. Mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, haufuatwi sana kwetu. Hata hivyo safari ya Kwity Paye, mlinzi wa Indianapolis Colts msimu wa 2025 aliyetimiza miaka 27 Novemba 2025, inafaa kutazamwa kwa makini hapa mashariki mwa Kongo. Mwanzo wake tunaujua kuliko Wamarekani wengi wanaomshangilia.

Alizaliwa mwaka 1998 katika kambi ya wakimbizi nchini Guinea. Mama yake, Agnes, ni Mliberia aliyekimbia vita vya kwao. Alipitia kwanza Sierra Leone, vita vikamkuta na huko, akavuka mpaka mwingine. Mtoto alikuwa hajatimiza mwaka mmoja familia ilipopokelewa Marekani, katika mji wa Providence. Mama alifanya kazi zamu juu ya zamu, na Kwity akasoma Bishop Hendricken, shule ya Kikatoliki ya kulipia, kisha Chuo Kikuu cha Michigan. (Ndicho chuo alichochezea Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa, kabla ya kuingia ligi kuu ya NFL mwaka 1996.) Usiku wa Aprili 2021 ambapo Colts walimchukua, Paye alitangaza mbele ya kamera kwamba mama yake amemaliza kufanya kazi.

Habari nyingi juu yake huishia hapo: bidii, kipaji, machozi ya mama. Kinachosahaulika ni karatasi. Kuna afisa aliyeikubali familia ile, na bila sahihi yake tusingekuwa na mchezaji wa kuzungumzia. Mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la Wakongomani, karibu 20,000. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile alipoapishwa, Rais Donald Trump alisimamisha mpango huo. Oktoba 2025 serikali yake ikatangaza kikomo cha watu 7,500 kwa mwaka mzima, wengi wao wakitarajiwa kuwa Wazungu wa Afrika Kusini. Katika kambi za nchi jirani, familia zilizokwisha kufanyiwa usaili na kupimwa afya zilibaki zikingoja, na vipimo hivyo vina muda wake. Muda ukiisha, mtu hupimwa upya.

Aliyebahatika kupita mlango ule naye alikuta milango mingine, na ufunguo uko kwa wengine. Katika ligi hiyo kijana hachagui klabu. Klabu huchagua kwa zamu, na Paye alikuwa wa 21. Bei pia hakuipanga, kwa sababu tangu mwaka 2011 makubaliano ya wenye klabu na chama cha wachezaji yanaweka kiwango kulingana na nafasi aliyochaguliwa. Yeye aliangukia zaidi kidogo ya dola milioni 13 kwa miaka minne. Mwaka wa tano ni hiari ya klabu peke yake. Colts walikubali kuuongeza, na kwa msimu wa 2025 pekee walimlipa takriban dola milioni 13.4. Yaani mwaka mmoja unakaribia miaka minne yote iliyotangulia! Ni pesa nyingi kwa mtu yeyote, hakuna ubishi, lakini inaonyesha jinsi nguvu za ujana wake zilivyonunuliwa kwa bei ya chini.

Sasa, anastahili kiasi gani? Paye husimama pembeni mwa mstari wa mbele wa ulinzi na ana kazi mbili. Anaziba njia ya pembeni mkimbiaji wa upande wa pili asipite, na anamkimbilia mrusha mpira ili amwangushe kabla mpira haujatoka mkononi. Kazi ya kwanza huonwa na makocha. Ya pili huandikwa kwenye takwimu, na wawili wakimwangusha pamoja kila mmoja hupata nusu. Paye aliandikiwa 4 mwaka 2021, 6 mwaka 2022, 8.5 mwaka 2023 na 8 mwaka 2024. Jumla ya miaka hiyo minne ni 26.5.

Micah Parsons alichaguliwa usiku uleule, nafasi ya 12. Katika miaka hiyo minne aliandikiwa 52.5, karibu mara mbili ya Paye. Agosti 2025 Green Bay Packers walimpa mkataba wa dola milioni 188 kwa miaka minne, ambazo ni milioni 47 kwa mwaka. Sikutarajia Paye apate hata nusu ya hizo. Soko hili haligawanyi pesa kwa uwiano: mtu anayeweza kugeuza mechi peke yake hulipwa bei ya peke yake, na walinzi wazuri wa kila wiki hupangwa foleni. Kwa maoni yangu Paye anadhulumiwa kidogo na takwimu, kwa maana kazi yake ya kuzuia wakimbiaji haina safu yake kwenye jedwali.

Klabu yenyewe ilikwisha kujiandaa. Mwaka 2024 Colts walimchukua Laiatu Latu katika awamu ya kwanza, na mwaka 2025 JT Tuimoloau katika awamu ya pili, wote wa nafasi yake na wote wakilipwa kwa kile kiwango cha vijana. Timu ilianza msimu wa 2025 vizuri, na tarehe 9 Novemba iliishinda Atlanta Falcons 31-25 mjini Berlin katika muda wa nyongeza. Hilo halikubadilisha hesabu ya ofisini.

Mkataba wa Paye ulikuwa wa kwisha Machi 2026. Kama wasingemwongezea kabla ya hapo, ingekuwa mara ya kwanza katika ligi kuchagua mwenyewe pa kwenda.