NYUMBA YETU: Shali ya milia kwa rangi za maganda ya vitunguu

Tarafa ya Nyamyumba, Wilaya ya Rubavu, iko kando ya Ziwa Kivu, kusini ya mji wa Gisenyi, mahali ambapo uso wa ziwa wenyewe uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, lakini usiku ubaridi hushuka kutoka milimani; askari aliye lindoni na mama anayembembeleza mwanawe huutambua upesi. Hapo ndipo shali ya sufu inapokuwa na thamani yake.

Ufundi huu si mgeni nchini Rwanda. Huko Musanze, uliokuwa ukiitwa Ruhengeri, shirika la Handspun Hope limewafundisha akina mama kusokota sufu kwa mkono na kuitia rangi za mimea, na kazi hiyo imewapatia riziki. Nyumba ya Rubavu, wilaya inayolima vitunguu kwa wingi, haikosi rangi: maganda yanayotupwa jalalani yatosha.

Shali yenye upana wa sentimeta 48 na urefu wa mita moja na nusu huhitaji gramu 450 za sufu nyeupe. Gramu 150 zibaki nyeupe, 200 zitiwe rangi ya vitunguu, na 100 rangi ya majani ya mkaratusi. Sufu ioshwe kwanza kwa sabuni laini. Kisha ile ya vitunguu iwekwe katika maji yenye shabu, gramu 12 kwa kila gramu 100 za sufu, ipashwe moto taratibu kwa muda wa saa moja.

Maganda makavu gramu 200 yachemshwe saa moja, yachujwe, na maji yapoe. Sufu iliyolowa itiwe humo, moto uongezwe polepole, wala yasitokote. Sufu ikishtuliwa kwa joto au ikisuguliwa hushikamana na kuwa ngumu. Iachwe ipoe humo humo. Nusu yake ikichovywa kwa muda mfupi katika maji yaliyolowekwa misumari yenye kutu na siki kidogo, hudhurungi hugeuka kijani kibivu. Misumari isizidi, kwani chuma kingi hukwaruza sufu. Majani ya mkaratusi hayahitaji shabu, bali yachemshwe kwa muda mrefu zaidi. Hutoa rangi ya kutu. Chungu cha rangi kisirudi jikoni kupikiwa chakula.

Wenyeji wa Nyamyumba wanazo chemchemi za maji moto, na huenda mtu akaona kwamba kuni zitaokoka. Maji hayo yana madini yanayobadili rangi na kudhuru sufu. Maji ya mvua ndiyo salama.

Jambo kubwa ni hili: sufu yote ya rangi moja itiwe katika chungu kimoja, siku moja. Uzi ukiisha katikati ya kazi, chungu cha pili hakitatoa rangi ile ile, na shali itaonyesha doa lake milele.

Kwa sindano za milimeta 5, mfumaji aanze vitanzi 80, afume mishono ya kawaida kila safu ili kingo zisijikunje. Mpangilio wa milia ni huu: nyeupe safu 6, kisha kila rangi safu 4, jumla 18, zirudiwe mara 27. Kwa kuwa idadi za safu ni shufwa, rangi hubadilishwa upande ule ule daima, na nyuzi hupandishwa ukingoni bila kukatwa.

Shali ioshwe kwa maji baridi na kuanikwa kivulini, ikilazwa. Aliyeivaa lindoni atajua kwamba nyumbani kwake hakuna kilichotupwa bure.