Dozi Isogee Karibu, Daladala Ifike Mwisho wa Ruti: Risala ya Abiria na Ndugu wa Waraibu wa Mbeya na Iringa

Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mbeya na Iringa,
Waheshimiwa viongozi wa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), wa Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na wa Wizara ya Afya,

Tunaoleta risala hii ni watu wa kupanda daladala. Wamo kati yetu mama ntilie wa Mwanjelwa, wachuuzi wa Kihesa, walimu na wanachuo. Wamo pia waliovuta na kujidunga unga, yaani heroini, miaka mingi ambao leo wako kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, pamoja na mama zao, wake zao na dada zao. Tumeandika kero za usafiri na janga la dawa za kulevya katika karatasi moja kwa sababu kwetu mambo haya mawili yanakutana kila asubuhi pale kituoni.

Tuanze na dozi yenyewe. Kliniki ya kwanza ya methadoni Tanzania Bara ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011. Ilichukua miaka sita huduma hiyo kupanda hadi kwetu, ilipoanza Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya mwaka 2017, na tunashukuru kwa moyo wote, maana wapo watu wanaosikia risala hii leo ambao bila kliniki ile tungekwishawazika. Lakini anayeanza methadoni hapewi dawa ya mwezi mzima akaondoka nayo kama mgonjwa wa presha. Anatakiwa afike kila siku, Jumapili, Idi na Krismasi. Anasimama dirishani, muuguzi anahakiki jina na sura, anampimia dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Anainywa papo hapo, anaongezewa maji kidogo asuuze kikombe na kuyanywa, kisha anasemeshwa ili ajibu, ionekane kweli kameza. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Kwa mtu anayetoka Mbalizi au Igawilo, dakika hizo chache zinakula nusu siku.

Zinakula na fedha. Desemba 2023 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 500 hadi 600. Anayeunganisha magari mawili kwenda na mawili kurudi anatoa shilingi 2,400 kwa siku, ambayo kwa siku 30 inafika 72,000. Tunaomba mtazame namba hiyo mkimfikiria kijana ambaye ndio kwanza ametoka kwenye unga: hana kazi, majirani hawamwamini hata kumpa jembe awalimie, na ndani ya nyumba yao vilishauzwa vyote vilivyokuwa vya kuuzwa. Nauli inatoka kwa mama, na mama naye anauza ndizi. Siku ndizi zisipotoka, dozi imekosekana. Akikosa siku tatu au zaidi mfululizo, mwili wake umeshapoteza mazoea ya dawa, hivyo hawezi kurudishiwa kipimo kile kile kwa sababu kinaweza kumuua. Anaanzishwa tena chini na kupandishwa polepole. Hizo ndizo siku ambazo wengi wanarudi kijiweni, na wanaorudi huko wakadunga kiasi walichozoea zamani ndio tunaowakuta wamekata pumzi chooni au kwenye mitaro.

Sasa tuje kwenye magari. Kukatisha ruti ndiyo kero kubwa kuliko zote. Gari limeandikwa Uyole hadi Mbalizi, mmelipa nauli kamili, likifika Mafiati au Kabwe kondakta anagonga bodi na kuwaambia mwisho wa safari, gari linageuza. Anayebisha anatukanwa. Mvua ikinyesha, bei inapangwa mlangoni. Wanafunzi wanasukumwa pembeni kwa sababu nauli yao ni ndogo, na Haisi inashonwa watu hadi mlango unafungwa kwa bega la kondakta. Abiria wa kawaida akishushwa njiani atachelewa kazini na kununa. Lakini kwa mtu ambaye dozi ya jana inaanza kumwishia, kusimama Kabwe saa nzima katika baridi ya Juni ya Mbeya ni mateso ya aina nyingine: miayo isiyokoma, machozi na kamasi, vinyweleo vimesimama, tumbo linakata, miguu inauma hadi kwenye mfupa. Hiyo ndiyo arosto, nayo haisubiri foleni. Na mahali alipoachwa ndipo penye watu wanaomjua kwa jina, wanaoweza kumtuliza kwa dakika mbili na kete moja, hata kwa mkopo.

Tumeshuhudia kijana, mwaka wa pili akiwa kwenye tiba, akishushwa kwenye gari mbele ya macho yetu. Kondakta alimtazama meno na mikono yenye makovu, akapaza sauti kuwaambia abiria washike pochi zao. Mama yake alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Aliinuka bila kusema neno, akashuka naye, wakaendelea kwa miguu. Hakuna abiria aliyemtetea, nasi tuliokuwamo tunakiri hivyo kwa uchungu.

Hata hivyo hatuji hapa kuwasema makondakta na madereva kana kwamba wao ni adui. Wengi ni watoto wetu, na janga hili limeingia kwao kabla ya kuingia kwingine. Dereva hana mkataba. Anadaiwa hesabu ya tajiri kila jioni, gari lijae lisijae. Akichoka anampa deiwaka, dereva wa kibarua, usukani, na deiwaka naye anataka chake kabla jua halijazama. Hapo ndipo ruti inapokatwa na ndipo vidonge vinapoingia. Tramadoli, dawa ya maumivu ambayo kisheria haitolewi bila cheti cha daktari, inapita mkono kwa mkono vituoni na kwenye vijiwe vya bodaboda kwa jina la dawa ya uchovu. Ni jamii moja na heroini. Humzoesha mtu, na kwa kiwango kikubwa huweza kumwangusha kwa degedege, naye ameshika usukani wenye roho za watu nyuma yake. Mpiga debe anapewa chochote kila gari linapojaa. Fedha hiyo ndogo ya papo kwa papo, inayokuja kila baada ya dakika chache, ndiyo ambayo muuza kete anaisubiri pembeni. Tunayasema haya kwa sababu tumeona vijana walioanza wakiwa wazima pale stendi, wakibeba mizigo yetu kwa heshima, na ndani ya mwaka wakawa hawawezi kubeba hata nguo zao.

Zamani tulizoea kusema unga ni mambo ya Dar es Salaam, Tanga na Unguja. Barabara kuu ya kwenda Zambia, inayopanda Kitonga, ikapita Ipogolo, Mafinga, Makambako, Uyole na Mbalizi hadi Tunduma, ilifuta umbali huo. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za dawa za kulevya katika operesheni iliyofanyika mikoa miwili, Dar es Salaam na Iringa. Zaidi kidogo ya tani moja ilikuwa heroini, iliyobaki ni methamfetamini. Tunawapongeza waliofanya kazi ile. Lakini mzigo wa aina hiyo haupiti mahali bila kumwaga kitu njiani, na kinachomwagika kinaokotwa na utingo, na wahudumu wa gesti, na vijana wa stendi. Tena kinamwagika katika mikoa ambayo tayari ina mzigo mwingine: utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 uliikuta Iringa ina maambukizi ya VVU ya asilimia 11.1 kwa watu wazima na Mbeya asilimia 9.6, wakati kitaifa ni asilimia 4.4. Sindano moja inayozunguka watu wanne huku kwetu ina hatari kubwa kuliko karibu popote nchini.

Barabara hiyo hiyo ndiyo njia yetu ya kliniki. Daladala ya Mbalizi inateremka Mlima Iwambi ikifuatwa na lori la mafuta. Juni 2025 watu 28 walikufa hapo siku moja, lori lilipoacha njia na kuyavaa magari ya abiria. Tunajua barabara ya njia nne kutoka Uyole hadi uwanja wa ndege wa Songwe, kilomita 29, inajengwa, na tunaitamani. Tunachoomba ni kwamba wakati ikijengwa, na hata ikiisha, malori yapangiwe saa zake za kupita mjini, yasishuke Iwambi saa 12 asubuhi hadi saa 3, saa za wanafunzi, wafanyakazi na wagonjwa.

Kwa upande wa Iringa, stendi ya mabasi ilipohamia Igumbilo, mtu anayetoka Ilula au Mafinga akishuka basi bado yuko mbali na mjini. Lazima atafute daladala au bajaji ya kumpandisha mlima wa Ipogolo. Nauli ya pili hiyo. Mkulima analalamika, naye ana haki. Kwa familia yenye mraibu ni zaidi ya hapo, kwa sababu safari ya kutafuta ushauri au matibabu haifanywi mara moja.

Kutokana na hayo, ombi letu la kwanza, ambalo tungependa lijibiwe kabla ya mengine yote, ni dozi imfuate mgonjwa. Vituo vya afya vya Mbalizi, Uyole na Tukuyu, na kwa Iringa vituo vya Ipogolo, Ilula na Mafinga, vipewe muuguzi aliyefundishwa, kabati la chuma na rejista, ili aliyekwisha kuanzishwa tiba na kutulia anywe kikombe chake karibu na kwao. Mahali pasipowezekana, gari la kliniki lipite kwa saa maalumu. ARV zilianza kwenye hospitali kubwa, leo ziko hadi zahanati. Hatuoni kwa nini methadoni isitembee njia hiyo.

Pili, aliyetulia muda mrefu, vipimo vyake safi, apewe dozi za siku kadhaa za kuchukua nyumbani. Tunaijua hofu iliyopo. Methadoni ikimwagwa mtaani itauzwa, na mtoto akiionja inaweza kumuua. Tuko tayari kwa masharti: mwangalizi wa familia aandikishwe, sanduku liwe na kufuli, chupa tupu zirudishwe na kuhesabiwa. Wazazi tuliolala macho miaka mingi tukilinda redio isiibwe hatutashindwa kulinda chupa.

Kwa wanaoanza, ambao hawawezi kukwepa kufika kila siku, tunaomba msaada wa nauli wa miezi mitatu ya mwanzo. Sheria inaruhusu mali za wauza dawa za kulevya kutaifishwa. Sehemu yake irudi kwa walioumizwa na biashara hiyo, ikiwamo kupunguza ada za nyumba za upataji nafuu, ambazo familia zinalipa kwa kuuza mashamba.

LATRA tunaiomba iweke wakaguzi Kabwe, Mafiati na Mbalizi asubuhi na jioni, si mchana wakati magari yako wazi. Gari linalokatisha ruti lifungiwe lenyewe, na kwenye faini aitwe tajiri, asibebeshwe dereva peke yake. Leseni ya ruti itolewe kwa mmiliki anayeonyesha mikataba ya dereva na kondakta wake. Kitambulisho cha kliniki kiheshimiwe na askari na kondakta pia: mtu asikamatwe wala kushushwa kwa makovu ya mikono yake wakati anakwenda kunywa dawa. Wauzaji wa tramadoli bila cheti wafuatwe kuanzia kwa anayewaletea maboksi. Na naloksoni, dawa inayomrudishia pumzi aliyezidisha heroini, iwepo kwenye vituo vya afya vilivyo karibu na stendi na kwenye magari ya wagonjwa, watu wa stendi wafundishwe kumlaza mtu ubavu na kuita msaada badala ya kumwagia maji na kumpekua mifuko.

Tunaomba majibu ya maandishi, yabandikwe stendi za Kabwe, Mbalizi na Igumbilo ambako hata asiyeitwa kwenye mikutano atayasoma, yakieleza kituo gani kitaanza kutoa dozi, lini, na nani atawajibika tarehe hiyo ikipita. Tumeteua watu wa kukaa nanyi mezani, wakiwamo watatu walio kwenye tiba, nao wako tayari kuja siku yoyote mtakayowaita, mradi kikao kianze baada ya wao kunywa dozi.

Tunaomba kuwasilisha.