Daftari la Wiki: Ujirani Unaofika Tunda

Kipimo changu

Hapa Tunda, kusini mwa Maniema, habari za ujirani wa Kongo na nchi za mashariki zinasomeka sokoni, kwenye bei ya chumvi, sabuni na kitenge. Mchele tunao na mawese tunayo. Barabara ikikatika, mavuno hukosa mnunuzi na chumvi hupanda bei. Kila mkataba wa marais naupima hapo.

Reli

Mwaka 1916 askari wa Kongo ya Wabelgiji waliiteka Tabora kutoka kwa Wajerumani. Miaka mitano baadaye, Uingereza ikiwa ndiyo mtawala wa Tanganyika, Wabelgiji walipewa gati Kigoma na Dar es Salaam. Nchi iliyokuwa uwanja wa vita ikawa njia ya mizigo: meli hadi Kalemie, kisha gari moshi kupitia Kabalo na Kibombo mpaka Kindu. Reli hiyo imechakaa, na msafiri hungoja gari moshi bila kujua siku litakapofika. Mwaka 2025 Tanzania na Burundi zilizindua ujenzi wa reli mpya ya Uvinza–Musongati, na mpango ni kuiendeleza hadi Uvira na Kindu. Kipande hicho cha Kindu ndicho chetu, tusikiachie makabrasha.

Mto Ruzizi

Septemba 1976 Zaire, Rwanda na Burundi ziliunda CEPGL, jumuiya yenye makao Gisenyi. Tunda lake kubwa ni bwawa la Ruzizi II, lililoanza kazi mwaka 1989 chini ya kampuni ya pamoja, SINELAC. Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998. Kindu yenyewe ikashikwa na waasi wa RCD waliosaidiwa na Rwanda. Jumuiya ikazimia hadi 2007, lakini SINELAC haikuvunjwa. Taa za watu wa nchi tatu zilitegemea mto mmoja, na hakuna aliyefaidika kwa kuvunja mitambo.

Kasindi

Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya 1998 hadi 2003. Uganda ilianza kulipa mwaka huohuo, dola milioni 65 kwa mwaka, huku ikishirikiana na Kongo kujenga barabara ya Kasindi–Beni. Fidia haifufui wafu. Hata hivyo, jirani anayelipa deni lake ana haki ya kuzungumza biashara.

Washington

Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilitia saini mkataba wa amani unaogusa pia ushirikiano wa kiuchumi, ikiwemo biashara ya madini. Miezi michache kabla, waasi wa M23 walikuwa wameiteka Goma, kisha Bukavu. Siamini biashara hiyo itadumu mahali ambapo mkulima hathubutu kurudi shambani kwake. Watu warudi makwao kwanza, haki itendeke, ndipo malori yapite.

Kwa wabunge wetu

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Waheshimiwa wa Maniema, dai letu ni moja: reli ifike Kindu, na barabara ya kutoka Kindu ipitike hadi Tunda hata wakati wa mvua. Ujirani unaoishia mpakani haujatufikia.