Mibofyo yetu inajenga mtambo wa nani? Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki

Mheshimiwa Msajili,

Mjamzito wa Kahama au Kakamega anaandika kwenye simu: "dawa ya kiungulia kwa mjamzito". Anabofya jibu la kwanza, anakuta tangazo la vidonge, anarudi papo hapo. La pili halimfai. La tatu analisoma mpaka mwisho, kisha anaweka simu chini. Hajalipwa senti, lakini ameufundisha mtambo wa utafutaji jibu lipi limkute mwenzake kesho.

Kazi hiyo ina thamani kubwa. Mwaka 2023, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, Pandu Nayak wa kampuni hiyo aliieleza mahakama kuhusu Navboost, mfumo unaotumia mibofyo ya miezi 13 kupanga majibu. Hukumu ya Jaji Amit Mehta ya Agosti 2024 ilionyesha kwamba nchini humo Google hupokea maswali mara 9 ya washindani wake wote kwa pamoja. Kwenye simu, mara 19. Mwenye watumiaji wengi hujifunza zaidi, na akijifunza huwavuta wengine. Anayeanza leo, hata awe hodari vipi, hana wa kumfundisha.

Kwa Kiswahili hali ni ngumu zaidi. Kijana wa Mwanza au Bujumbura akitaka kuunda mtambo unaomwelewa mkulima anayeuliza kuhusu viwavijeshi, ataanzia wapi? Mibofyo ya jirani zake imo mikononi mwa kampuni ya ng'ambo.

Ulaya wamelitungia sheria. Ibara ya 6(11) ya Sheria ya Masoko ya Kidijitali inaitaka Google iwape washindani data za maswali na mibofyo kwa masharti ya haki, utambulisho wa watu ukiwa umeondolewa. Naomba mdai hivyo kwa niaba ya nchi wanachama, mkianza na Kiswahili.

Ila msikubali kuambiwa kwamba kufuta majina kunatosha. Mwaka 2006 kampuni ya mtandao ya AOL ilitoa hadharani maswali ya watu zaidi ya 650,000, namba zikiwa mahali pa majina, na waandishi wa habari wakambaini mmoja wao kwa aliyoyatafuta. Maswali ya nadra yaondolewe kabisa, na wasimamizi wa data binafsi wa Kenya na Tanzania washirikishwe tangu mwanzo.

Kwa sasa, iandikieni Google: maswali mangapi ya Kiswahili yanaingia kwa mwezi, na mibofyo yake inatunzwa kwa muda gani? Jibu mlichapishe, kwa Kiswahili.

Wenu katika ujenzi wa Jumuiya.