Kuwaimbia Wafu Bila Kuwataja ni Kuwazika Mara ya Pili



Ziko kumbukumbu za vita zisizokumbuka. Zina mawe mazuri, mashada ya maua na nyimbo za huzuni, lakini hazisemi nani aliuawa, wala kwa sababu gani. Sisi tunashikilia kwamba kumbukumbu ya namna hiyo haileti amani. Ni usahaulifu uliovikwa joho la heshima. Hebu tutafakari kisa cha mshairi mmoja na mtunzi mmoja wa muziki.

Tarehe 29 na 30 Septemba 1941, katika korongo la Babi Yar mjini Kyiv, Wanazi waliwapiga risasi Wayahudi 33,771, wake kwa waume na watoto. Hesabu hiyo waliiandika wauaji wenyewe katika taarifa yao. Vita ilikwisha mwaka 1945, lakini miaka kumi na sita baadaye hapakuwa na mnara wowote mahali pale. Wakuu wa Muungano wa Kisovieti walikuwa wakilifukia korongo kwa tope la viwanda vya matofali. Machi 1961 boma lililozuia tope hilo lilibomoka, na watu wengi wakaangamia.

Septemba ya mwaka huo huo, Yevgeny Yevtushenko, kijana ambaye hajatimiza miaka thelathini, alichapisha shairi lililowataja waliouawa kwa jina lao: Wayahudi. Hakuishia kuwalaani Wanazi. Alikemea pia chuki dhidi ya Wayahudi miongoni mwa watu wake mwenyewe. Dmitri Shostakovich, mtunzi mashuhuri, akalitilia muziki, kisha akachukua mashairi mengine ya Yevtushenko. Moja kati ya hayo, lihusulo hofu, liliandikwa mahsusi kwa kazi hiyo. Ndivyo ilivyozaliwa Simfoni ya 13, kwa mwimbaji wa besi, kwaya ya wanaume na okestra. Iliimbwa mara ya kwanza Moscow tarehe 18 Desemba 1962, ikiongozwa na Kirill Kondrashin, baada ya wengine walioombwa kujitoa.

Muda si mrefu mshairi alishinikizwa, akabadili baadhi ya mistari, ili Warusi na Waukraine watajwe pamoja na Wayahudi.

Mtego uko hapo. Mtu atauliza: je, si kweli kwamba wengine nao waliuawa pale? Ni kweli. Waroma, wafungwa wa vita, wagonjwa wa akili na raia wengine waliuawa humo, na kila mmoja wao anastahili kuliliwa. Lakini kuongeza majina ni haki pale tu nia inapokuwa kuwakumbuka wengi zaidi. Walioshinikiza mabadiliko yale hawakuwa na shauku ya orodha ndefu. Neno moja ndilo lililowachoma. Ushahidi ni mnara uliojengwa hatimaye mwaka 1976: ulitaja raia wa Kisovieti na wafungwa wa vita, bila kuwataja Wayahudi. Nusu ya ukweli iligeuzwa pazia. Kinara cha Kiyahudi kilisimamishwa pale mwaka 1991, miaka hamsini baada ya mauaji.

Wapo pia wasemao kwamba wimbo wa marehemu ni wa kufariji, si wa kushitaki. Tunawauliza: unamfariji nani? Mjane na yatima wanamjua aliyekufa na sababu ya kifo chake. Wimbo unaonyamazia hayo humfariji aliyeua, na jirani aliyegeuza uso.

Hatumhukumu mshairi, mkono wa dola ni mzito. Lakini tunaona kwamba shinikizo lile halikudumu: leo simfoni hiyo kwa kawaida huimbwa kwa maneno yake ya awali.

Basi, ninyi viongozi wa walei na walimu wa kwaya, mtakapoombwa wimbo wa kuwakumbuka waliouawa, ulizeni kwanza: walikuwa akina nani? Nani aliwaua? Kwa kisingizio gani? Msikubali kuimba kwamba watu hao "walipoteza maisha", kama mtu apotezavyo ufunguo njiani. Hawakuyapoteza. Waliporwa. Kwaya isiyothubutu kutamka hivyo, heri ikae kimya hadi itakapopata ujasiri.