Mashine ya mvua imefika kijijini: tuulize imepewa maelekezo gani

Huenda umeuona karibu na shule, ofisi ya kata au shamba la utafiti: mlingoti wa chuma uliozungushiwa uzio, una paneli ndogo ya sola, kisanduku cheupe na chombo cha mviringo kinachokinga mvua. Hicho ni kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha chenyewe. Hakina mtu wa kukisoma kila asubuhi. Kinapima, kinaandika na kutuma majibu kwa laini ya simu.

Vituo vya aina hii vinaongezeka, na kuna sababu. Machi 2022, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, alitangaza lengo kwamba kila mtu duniani awe analindwa na mfumo wa tahadhari ya mapema ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Tahadhari inahitaji vipimo, na vipimo vinahitaji vituo. Tena, Mkataba wa Minamata uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kuuza nje vipimajoto vya kawaida vya zebaki, kwa hiyo ofisi nyingi za hali ya hewa zinahamia kwenye vifaa vya umeme.

Sisi tunavipokea vituo hivi kwa furaha. Lakini kuna jambo moja ambalo halisemwi siku ya uzinduzi. Mashine hii haijui mvua ni nini. Inajua kuhesabu, na inahesabu jinsi ilivyoelekezwa. Maelekezo yakikosewa, itatoa namba nadhifu kila siku, na zote zitakuwa na kasoro.

Ndani ya kisanduku

Ndani ya kile kisanduku mna kifaa cha kunasa data, ambacho mafundi hukiita loga. Loga hupewa maelekezo ya aina kuu mbili. Ya kwanza ni ya kuingiza: soma waya upi, kila baada ya muda gani, na ulichosoma ukizidishe kwa namba gani ili kiwe milimita au nyuzi joto. Ya pili ni ya kutoa: katika yote uliyosoma, hifadhi nini? Jumla, wastani, kiwango cha juu kabisa au cha chini kabisa? Na uhifadhi kila saa au kila siku?

Katika loga za CR10 za kampuni ya Campbell Scientific ya Marekani, zilizotumika kwa miaka mingi, kila elekezo lilikuwa na namba yake. Namba 71 ilimaanisha wastani. Namba 72 ilimaanisha jumla. Loga mpya zinaandikiwa maneno badala ya namba, lakini kazi ya kuchagua bado ni ya binadamu.

Tuone chaguo hilo linavyoweza kumgusa mkulima.

Makosa yanayofanana na ukweli

Mfano wa kwanza ni wastani na jumla. Tuseme mvua ya milimita 30 imenyesha kwa saa moja, na loga inasoma kila dakika. Ikiambiwa ijumlishe, itaandika 30. Ikiambiwa itoe wastani, itaandika 0.5, yaani milimita 30 zilizogawanywa kwa dakika 60. Nyuzi joto zikijumlishwa kimakosa, namba itakuwa kubwa ajabu na kila mtu atashtuka. Lakini nusu milimita ya mvua haimshtui mtu. Inaonekana kama manyunyu tu.

Mfano wa pili ni namba ya kuzidishia. Ndani ya kipima mvua cha aina hii mna vikombe viwili vidogo vinavyobembea kama pembea ya watoto. Kimoja kikijaa kinapinduka, cha pili kinapokea, na loga inahesabu kila mpinduko. Kwa baadhi ya vipima mvua, mpinduko mmoja ni milimita 0.2. Kwa vingine ni 0.254, yaani sehemu moja ya mia ya inchi. Fundi akiweka 0.254 kwenye kifaa cha 0.2, msimu uliopata milimita 400 utasomeka 508. Mahindi yamekauka shambani, lakini kitabu kinasema mvua ilitosha.

Mfano wa tatu ni saa. Msomaji wa kipima mvua cha kawaida hapa kwetu hufunga hesabu ya siku saa 3 asubuhi. Loga inaweza kuwa imeelekezwa kufunga saa 6 usiku, na saa yake ikawa imewekwa kwa majira ya Greenwich, ambayo yako nyuma ya yetu kwa saa tatu. Mvua ya saa 8 usiku kuamkia tarehe 5 itaandikwa tarehe 4. Kwa anayetaka jumla ya mwaka, si kitu. Kwa mkataba unaohesabu siku za ukavu baada ya kupanda, ni jambo zito.

Kuna pia sifuri mbili. Ipo sifuri ya ukame, na ipo sifuri ya kipima mvua kilichozibwa na majani, utando wa buibui au kinyesi cha ndege. Vikombe visipopinduka loga inaandika sifuri, na yenyewe haiwezi kujua tofauti.

Kwa nini sasa

Zamani kosa kama hili lingeishia kwenye jalada la ofisini. Leo namba ya kituo inaweza kugusa mfuko wa mtu. Kwa majirani zetu Kenya, mpango wa Kilimo Salama ulioanza mwaka 2009 ulitumia vituo vinavyojiendesha kuamua kama msimu umekuwa mbaya, na fidia ikatumwa kwa M-Pesa. Faida yake ilikuwa wazi: hakuna mkaguzi wa kusubiri, hakuna safari ya kufuatilia madai mjini. Lakini mfumo wa namna hiyo unamaanisha kwamba hakuna anayekuja kulitazama shamba lako. Namba ndiyo shahidi.

Wapo watakaosema siku hizi setilaiti inatosha. Hata takwimu za setilaiti zinazotumika sana Afrika, kama zile za CHIRPS, huchanganywa na vipimo vya vituo vya ardhini. Kituo kikikosea, kosa linaweza kusafiri mbali.

Wengine watasema binadamu naye hukosea. Ni kweli. Msomaji anaweza kuugua, kusafiri au kukadiria. Loga hailali, na inaweza kuonyesha mvua ilishuka kwa kasi gani saa kwa saa, jambo ambalo kopo la kawaida haliwezi. Hatuombi kurudi nyuma. Tunachosema ni kwamba kosa la msomaji mara nyingi ni la siku moja, ila kosa la maelekezo hujirudia kila siku hadi mtu alitafute.

Maswali ya kuuliza

Kituo kikifungwa kijijini kwako, muulize fundi, afisa ugani au mwenyekiti mambo manne. Mpinduko mmoja ni milimita ngapi, na je, namba hiyo ndiyo iliyo kwenye programu? Siku ya mvua inafungwa saa ngapi, kwa majira ya wapi? Nani anasafisha kipima mvua, na alisafisha lini mara ya mwisho? Majibu yanakwenda wapi, na sisi tunaweza kuyaona?

Pia shule au kikundi cha wakulima kinaweza kuweka kipima mvua cha kawaida mahali pa wazi karibu na kituo, na kukisoma kila siku saa 3 asubuhi. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Lakini mashine ikizidisha kwa kiwango kilekile kila mara, shuku namba ya kuzidishia. Ikionyesha sehemu za milimita wakati kopo lina maji mengi, shuku wastani. Ikionyesha sifuri wakati kopo lina maji, shuku uchafu. Peleka daftari kwa afisa ugani, na liwafikie Mamlaka ya Hali ya Hewa au mwenye kituo.

Jambo moja msifanye: msimwage maji kwenye kipima mvua kwa kukijaribu. Fundi hufanya hivyo akiwa ameandika muda ili mvua hiyo ya kubuni iondolewe kwenye hesabu. Mkimwaga ninyi, loga itaandika kwamba imenyesha, na hakuna atakayeifuta.

Bajeti za vituo hivi huandikwa kwa idadi: vituo kumi, vituo hamsini. Tungependa kuona mstari mwingine chini yake, wa fundi wa kurudi kila msimu kukagua maelekezo na kuyalinganisha na daftari la kijiji. Bila mstari huo, tutafika 2027 tukiwa na milingoti mingi, na mkulima bado anabishana na namba.